Sindano za Paji la Nakhungu

"Mimi uongo wangu haujawahi kunikwama kooni hata siku moja," Nakhungu alipenda kuwaambia wanawake wenzake pale Ndalu. Kabla hawajaanza kumwonea wivu, alijigonga katikati ya nyusi na kumalizia, "Unakwama hapa."

Na kweli ulikuwa unakwama hapo. Akisema jambo ambalo halikutokea, mikunjo mitatu ilisimama juu ya pua yake kama vidole vya mtoto darasani anayeomba kwenda choo. Hakuwa na uwezo wa kuizuia. Wakati mmoja chifu alimuuliza kama ndani mna pombe ya busaa, naye akajibu hamna. Chifu hakusumbuka kupekua. Aliangalia paji, akaenda moja kwa moja chini ya kitanda. Tangu hapo Nakhungu alizoea kuvuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi kila alipokuwa na uongo wa kutoa. Mkono wake wa kulia ulijifunza kazi hiyo mpaka ukawa unapanda wenyewe bila kutumwa. Haikusaidia. Watu walijua paji, wakajua na kitambaa.

Msomaji mkuu wa paji hilo alikuwa mumewe, Festus. Wanaume wengine husoma gazeti asubuhi. Festus alisoma mke, miaka arobaini na miwili, na hakuwahi kukosa habari.

Sasa, Festus alipopigwa na kiharusi, upande wa kushoto ulilala. Mdomo ulishuka, kope la kushoto likaanguka kama pazia lililokatika kamba. Alikaa hivyo wiki tatu. Mchana mmoja watu wote walikuwa nje wakipukuchua mahindi, ndani wamebaki yeye na Nakhungu, akamwita kwa mkono uliokuwa bado unasikia.

"Shamba la Naitiri ni la Phanice," alisema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Derrick ana hili la Ndalu. Linamtosha."

Derrick alikuwa mtoto wa pekee wa Nakhungu. Phanice alikuwa binti wa mke mdogo, Chepngeno, aliyekufa zamani na kuzikwa huko huko Naitiri, kando ya ua. Phanice alikuwa ameachika, akarudi pale na watoto wake, akajenga nyumba ya mabati karibu na kaburi la mama yake. Hakuwa na mahali pengine.

"Umesikia ni wewe peke yako," Festus aliendelea. "Utawaambia." Kisha akainua kidole gumba, akakibandika katikati ya nyusi za mke wake, akakandamiza. Kidole kilikuwa baridi. "Ukinibadilishia maneno, mimi nitakuwa hapa. Nakuangalia."

Wapukuchuaji waliporudi kunywa chai walimkuta Nakhungu amekaa, na Festus ameshaenda.

Siku ya mazishi wazee wa ukoo waliuliza maneno ya mwisho ya marehemu. Nakhungu alilia kwa sauti hata mzee mmoja akaziba masikio. Wakasema basi, mwacheni mjane, atayasema siku ya makumbusho, mwaka ukiisha. Neno la maiti halina haraka. Mwenyewe hana tena anapokwenda.

Lakini mwaka ni mrefu kwa mama mwenye mtoto mmoja. Mwezi wa pili Derrick aliuliza, "Mama, si Baba alisema Naitiri ni yangu?" Nakhungu hakusema ndiyo. Aliinama kupuliza moto. Mwezi wa tano Derrick alianza kuwaambia watu atapanda miwa Naitiri. Nakhungu akapuliza moto tena. Mwezi wa tisa alipeleka mpimaji, wakapanda vigingi mpaka mlangoni kwa Phanice, na hapo hakukuwa na moto wa kupuliza uliobaki. Kunyamaza kwake kulikuwa kumeota mizizi, na sasa kulitaka maji.

Kusema uongo hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba siku ya makumbusho mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, angekaa wifi yake Phelista, dada mkubwa wa Festus, mwenye macho ya kozi. Phelista angeangalia paji.

Ikabaki mwezi mmoja. Siku hiyo Nakhungu alikuwa Kitale akiuza mayai, kukaja mama mmoja amevaa vizuri, viatu virefu. Mkokoteni ukapita, ukamgonga, trei nzima ya mayai ikamwagika kwenye gauni lake. Mama yule akasema, "Nimekasirika! Nimekasirika vibaya sana!" Lakini uso wake ulikuwa umetulia kama sahani iliyooshwa. Hakuna mkunjo uliosimama.

Nakhungu alimfuata akimpangusa gauni kwa leso yake. "Mama, samahani," alimnong'oneza. "Huo uso umeutoa wapi?"

*

Nyumbani aliaga kwamba anaenda Bungoma kuona daktari wa macho. Aliposema hivyo alivuta kitambaa. Derrick alidhani ni jua.

Chumba cha Jerono, mdunga sindano aliyetajwa na yule mama wa viatu virefu, kilikuwa Matisi, pale pale Kitale, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kulikuwa na kitanda chembamba, taa kali, na friji moja. Jerono alipoifungua Nakhungu alichungulia: juu chanjo ya kuku, katikati soda, chini kijisanduku cheupe.

"Hiyo ya chini ndiyo yangu," Jerono alisema. "Hizo zingine ni za mwenye duka."

"Msichana wangu, usichanganye. Nisije nikaanza kutaga."

Jerono alicheka, lakini alipovaa glavu kicheko kilikwisha. Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, mwenye sauti ya taratibu ya mtu aliyezoea kuogopwa.

"Sikiliza, mama. Hii si uchawi. Ni dawa ya kulegeza misuli. Msuli unaokunja uso unasahau kazi yake."

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu, minne. Halafu unakumbuka."

"Kama mwanaume aliyekimbilia mjini."

"Leo hutaona kitu. Siku ya tatu ama ya nne utasikia paji limeanza kuwa zito, kama si lako. Wiki mbili zikiisha itakuwa imeshika yote."

Nakhungu alihesabu kwa vidole chini ya leso. Makumbusho yalikuwa baada ya siku kumi na sita. Ilitosha.

"Una ugonjwa wowote wa misuli? Dawa unazotumia?"

"Sina. Mimi ni mzima kama jembe."

"Haya. Utaona vinundu kama umeumwa na mbu, vitashuka kabla ufike stendi. Unaweza kuvilia damu kidogo. Kichwa kinaweza kuuma. Lakini usilale kwa saa nne, na leo usiiname shambani. Na hapa juu," alizungusha kidole mbele ya paji bila kugusa, "usiguse, usikande, usikandamize. Dawa ikitembea ni shida."

"Itembee iende wapi?"

"Ishuke kwenye kope. Kope linaanguka, linakaa hivyo wiki kadhaa, na mimi sina dawa ya kuliinua. Na ukishindwa kumeza, ama kupumua, usinipigie mimi. Kimbia hospitali."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akiuliza bei ya dawa ya kupe.

"Sasa kunja uso, niweke alama."

Nakhungu alijaribu. Alijaribu kuwaza deni la marehemu, mvua ya mawe, nyani kwenye mahindi. Paji likakataa katakata.

"Kunja, mama. Kama umekasirika."

"Halisikii amri, hili. Hebu niulize miaka yangu."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na minane," alisema Nakhungu, na mikunjo mitatu ikasimama mara moja.

"Hapo hapo! Usitoe!" Jerono akaweka alama kwa kalamu nyeupe, nukta tano. "Na kweli una mingapi?"

"Andika tu hiyo."

Sindano ya kwanza iliingia katikati, juu ya pua, mahali pale pale pa kidole gumba cha Festus. Ilikuwa nyembamba, iliuma kama siafu, wala si zaidi. Lakini nyuma yake kulikuja baridi, na Nakhungu akafumbua macho kwa ghafla.

"Ni nani amenishika?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi tu."

*

Alifika Ndalu saa tisa mchana na kichwa kinagonga. Nani asiyejua dawa ya kichwa? Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo: unakunja kitambaa, unafunga paji mpaka mishipa inasema amina, halafu unalala chali. Nakhungu alikumbuka maneno ya Jerono vizuri sana. Usiguse. Basi hakugusa. Kitambaa ndicho kilichogusa. Akakaza fundo huku ameuma meno, akalala, akasinzia mpaka kuku walipoingia ndani.

Siku ya tatu mjukuu wake, mtoto wa Derrick wa miezi minane, aliletwa kwake kama kila asubuhi. Mchezo wao ulikuwa mmoja: Nakhungu anakunja uso kama simba, mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi. Nakhungu akakunja. Mtoto akangoja. Akangoja tena, macho yakitafuta kitu kwenye uso wa nyanya yake. Halafu akapiga ukelele wa kuogopa, akajitupa kwa mama yake, na tangu siku hiyo hakukubali kubebwa naye.

Siku ya nne alimkaripia mbwa wa Festus aliyekuwa akilamba sufuria. Mbwa alimwangalia usoni, akaendelea kulamba.

Siku ya sita aliamka akaona mlango una kivuli juu. Akadhani ni kitambaa kimeshuka. Akainua mkono kukisukuma, akakuta ngozi. Kioo kilikuwa ukutani karibu na picha kubwa ya Festus, ile iliyopigwa siku zake za mwisho kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpiga picha alipokuwa mzima. Nakhungu alijiangalia. Kope la kushoto lilikuwa limeanguka nusu. Akaangalia picha. Akaangalia kioo. Lilikuwa jicho lile lile, upande ule ule, na lilikuwa limeshuka kwa kiasi kile kile.

"Wewe mzee," aliiambia picha kwa sauti ndogo. "Ni mapema. Bado sijasema kitu."

Alimpigia Jerono akiwa amejificha nyuma ya ghala.

"Ulifunga kitu kichwani?"

"Mimi? Hapana!"

"Ulilala?"

"Nilikaa wima kama nguzo ya stima."

Jerono alipumua kwenye simu. "Litainuka lenyewe, mama. Wiki tatu, nne, zinaweza kuzidi. Ukiona vitu viwili viwili, ama kumeza kukiwa kugumu, nenda hospitali. Mengine ni kungoja."

Kijijini hawakungoja. Habari zilifika sokoni kabla ya maziwa. Derrick alitaka kwenda Bungoma kumkamata yule daktari wa macho.

"Mama, nipe jina lake! Umeenda na macho mawili, umerudi na moja na nusu!"

"Achana naye, mwanangu. Ni Mungu."

Wengine hawakumtaja Mungu. Walitaja Festus. Walisema ukoo ule maiti zao hazilali na deni. Wanawake waliokuja kumwona walikaa mbali kidogo, wakanywa chai upesi, na walipotoka walinong'ona kwenye lango. Phelista ndiye aliyekaa karibu. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mulamwa," alisema, maana hivyo ndivyo mawifi hao walivyoitana tangu Nakhungu aolewe, "mbona hata paji limelala? Jicho nimeliona. Paji limefanyaje?"

"Ni mshtuko," Nakhungu alijibu, na mkono ukapanda kuvuta kitambaa.

Phelista aliangalia paji, akaangalia mkono. Hakusema neno. Hilo ndilo lililotisha. Phelista kunyamaza ni kama mto kusimama.

Siku mbili kabla ya makumbusho alikuja Phanice. Alitembea kutoka Naitiri na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na bila kuambiwa akachota maji, akafua shuka, akamkata Nakhungu kucha za miguu ambazo mwenyewe hakuweza kuzifikia tena. Kazi ilipokwisha alibaki ameinama, ameshika wembe.

"Mayi," alisema, akimwita mama kama siku zote, "kuna vigingi mlangoni kwangu. Mimi sitaki vita na Derrick, ni ndugu yangu. Lakini kama Baba hakusema kitu juu yangu, niambie mapema. Nitafute mahali pa kuhamishia kaburi la mama."

Nakhungu alisikia huruma ikipanda kutoka tumboni. Ilipita kifuani, ikapita kooni, ikafika kwenye paji ikakuta mlango umefungwa. Haikuonekana popote. Phanice aliinua macho kuutafuta uso wa mama aliyemlea nusu, akaona ukuta, na jicho moja la Festus.

"Utasikia pamoja na wengine," Nakhungu alisema.

Phanice alikusanya kucha zilizokatwa, akazitupa jikoni motoni ili asiache kitu cha mtu kimezagaa, akaaga kwa heshima.

*

Siku ya makumbusho hema lilijaa. Kwaya iliimba, mchungaji aliombea msalaba mpya wa saruji, ng'ombe alikuwa kwenye masufuria tangu alfajiri. Watu waliposhiba wazee walipanga viti kuzunguka kaburi. Phelista alikaa mbele kabisa.

Nakhungu alijivisha gauni jeusi, na kitambaa alikifunga nyuma sana, karibu na kisogo, paji lote likabaki wazi linang'aa kwa mafuta. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Aliposimama, upepo ulipita kwenye paji na hakuusikia. Alisikia kitu kimoja tu, katikati, juu ya pua: uzito mdogo wa duara, kama wa ncha ya kidole.

Mzee wa ukoo alijiegemeza kwenye bakora. "Mama Derrick. Mwaka umeisha. Ndugu yetu Festus alisemaje?"

Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mahindi. Ghafla wakanyamaza, ama Nakhungu aliacha kuwasikia.

"Alisema shamba la Naitiri ni la Derrick."

Watu mia mbili waliangalia mahali pamoja. Paji lilikuwa laini kama tumbo la sufuria. Hakuna kilichosimama. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa polepole, kukawa na mguno wa kukubali. Derrick akavuta pumzi. Phanice hakulia wala hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaanza kumfunga mtoto wake mgongoni, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Basi," mzee akasema, "paji limeshuhudia. Kama hakuna mwenye—"

"Mimi niko na swali dogo," Phelista alisema bila kusimama. "Mulamwa, hebu tukumbushane. Una miaka mingapi?"

Kicheko kikalipuka hemani. Hii ilikuwa kawaida yao, kila mtu alijua. Hakuna harusi wala matanga ambayo Nakhungu hakuulizwa miaka yake, na hakuna alipojibu bila mikunjo kusimama na watoto kushangilia. Nakhungu mwenyewe alisikia mwili ukilegea. Hatari ilikuwa imepita, watu wanacheka, na ulimi wake mzee ukatangulia mbele kama mbuzi aliyeona lango wazi.

"Hamsini na minane!"

Walingoja mikunjo. Watoto walikuwa wameshainua mikono kushangilia. Kicheko kikapungua upande wa wanawake, kikapungua upande wa kwaya, kikafa.

"Mwaka wa sabini na mbili," Phelista aliendelea kwa upole, "kaka yako alipoingia jandoni, mimi nilikuja kwenu kucheza. Aliyenipokea njiani na mtungi wa busaa kichwani alikuwa nani? Alikuwa na matiti tayari, bana. Kwa hesabu yako alikuwa na miaka minne. Mlimlisha nini?"

Hakuna aliyecheka. Mzee wa ukoo alikuwa ameinuka, amesogea karibu, anaangalia lile paji laini lililotoka kusema uongo ambao kila mtu anaujua na halikutikisika. Aliliangalia kama mtu anayeangalia mizani sokoni baada ya kugundua imewekewa jiwe chini.

"Mama Derrick," alisema. "Rudia. Festus alisemaje juu ya Naitiri?"

Nakhungu alifungua mdomo. Kope la kushoto lilikuwa zito, na kile kidole cha baridi kilikandamiza. Uso wake haukuonyesha kitu, Jerono alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

"Alisema... alisema ni ya Derrick."

Na mkono wake wa kulia, ambao hakuna aliyeuchoma sindano, ukapanda wenyewe mbele ya watu wote, ukaenda kwenye paji kutafuta kitambaa ambacho hakikuwepo, ukavuta, ukavuta tena, ukivuta ngozi tupu.